Corvette ya Mahari

Jumatatu, 9 Machi 2009

Leo nimesema uongo mbele ya darasa zima. Haikuwa nia yangu. Nia yangu ilikuwa kufa.

Ilikuwa zamu yangu ya kutoa mada. Kusimama peke yangu mbele ya watu ishirini na kitu, wote wakiwa na macho! Nilichagua Corvette ya mwaka 1963, gari la mbio la Kimarekani, kwa sababu nimesoma kila kitabu kinacholitaja katika maktaba ya mtaa wetu, Koekelberg. Niliongea na sakafu. Injini ya silinda nane. Bodi ya nyuzi za kioo badala ya chuma. Taa za mbele zinazojificha kama macho ya mtu anayejifanya amelala. Dirisha la nyuma lililogawanywa katikati, la mwaka huo mmoja tu. Sakafu ilinisikiliza vizuri. Kisha Madame Andrée, mwalimu wetu wa Kifaransa, akauliza kama kuna mwenye swali.

Hervé alikuwa nalo. Hervé huzaliwa upya kila asubuhi na swali. Alitaka kujua mimi nimeyatoa wapi hayo yote, maana kwa anavyojua yeye, baba yangu anaendesha basi la jiji. Wakacheka. Nikafungua kinywa niseme "maktabani". Kikatoka "ni gari la familia yetu".

Kimya. Kimya kizuri ajabu! Sijawahi kunyamaziwa vile.

Madame Andrée akafurahi mno. Akasema basi tulilete Jumamosi ya tarehe 21, siku ya shule kufungua milango kwa wazazi, likae uani watu walione. Nikakubali. Hata nikamshukuru.

Jioni. Nimetulia kidogo. Uongo huu hauko mbali sana na ukweli. Gari lipo. Ni la Monsieur Koen wa Berchem, mpiga kinanda wa parokia yetu, rafiki wa Tante Lucienne. Tante ni dada mkubwa wa papa, yaani baba yangu, ni mjane, anakaa ghorofa ya juu yetu. Nyumbani kwetu neno "rafiki" la Monsieur Koen hutamkwa huku watu wakitazama dari. Tante alinipeleka kwake mara moja kunywa kahawa, nikaliona gari. Bluu. Siku za ujana wa gari, kabla Monsieur Koen hajalinunua, lilishindana kupanda milima ya Ardennes, na ukiinamisha kichwa bado unaona kivuli cha namba 14 mlangoni. Tangu alinunue halijanyeshewa hata tone. Analipangusa kwa nepi za pamba.

Na analiuza! Mgongo umemshinda. Kuingia anaingia, kutoka, lazima majirani wawili wamvute.

Na papa anatafuta gari. Mungu ameshafanya sehemu yake.

Jumanne, 10 Machi

Nimemwambia papa. Niliandaa sentensi tangu asubuhi, nikaisema yote bila kumeza mate.

Papa anataka gari la viti saba. Alieleza kwa upole kwamba yeye huendesha basi la watu tisini siku nzima, na gari la watu wawili kwake ni baiskeli yenye paa. Nikasema Corvette ina historia ya mbio. Akasema basi lake pia lina historia ya mbio, niulize abiria wa pale kwenye mfereji jinsi wanavyolikimbilia.

Sephora, dada yangu mdogo, alicheka mpaka akadondosha kijiko. Ana miaka kumi na mitatu na hana heshima kwa uhandisi.

Jumatano, 11 Machi

Nusu siku ya shule. Maktaba. Vipimo kamili vya ndani ya gari, kwa inchi. Nimevigeuza kuwa sentimita.

Baada ya chakula niliweka viti viwili vya mezani katikati ya sebule, nikachora mipaka ya gari kwa utepe wa karatasi. Nikawaomba wote waingie ili waone kwamba tunatosha. Papa kwenye usukani (sinia). Maman pembeni yake. Sephora mapajani mwa maman. Mimi nikalala kwa nyuma, mahali pa mizigo, magoti yamegusa masikio. Tumetosha!

Maman akauliza gunia la mchele litakaa wapi. Nikasema juu yangu.

Akauliza buti linafunguliwa upande gani. Hapo nikachelewa kujibu, kwa sababu gari hili buti lake halina mlango wa nje. Kila kitu kinapitishwa ndani, juu ya viti. Maman akataka kuelewa vizuri: yaani samaki wa chumvi apite kwanza mbele ya uso wake, ndiyo akalale nyuma? Nikasema kitaalamu, ndiyo.

"Bon," akasema maman, akashuka kwenye gari. Sephora akabonyeza honi, yaani pua ya papa. Maonyesho yakaisha.

Monsieur Koen, anasema Tante, ameshapigiwa simu mara mbili na tajiri mmoja wa Antwerpen. Mara mbili!

Ijumaa, 13 Machi

Nimepata njia. Nilikuwa nayo tangu kuzaliwa.

Mimi naitwa Kabeya, jina la babu, baba yake papa, aliyefariki Lubumbashi kabla sijazaliwa. Mimi ni somo wake, na kwetu somo hachukui jina tu, anachukua mtu mzima. Papa ananiita "papa". Tante Lucienne ananiita "papa" na kuniletea soksi za sufu. Tante Mwadi, dada yao wa Liège, mjane naye, akipiga simu husema anataka kumwamkia baba yake. Maman akifurahi ananiita Kabeya; akikasirika ananiita baba mkwe. Miaka kumi na sita nimeubeba ukubwa huu bila kuutumia. Kama kuwa na benki na kulala njaa!

Basi jioni, papa alipovua viatu, nilisimama mlangoni, mikono nyuma, nikasema kwa sauti ya babu (ninavyoidhania) kwamba mimi, baba yake mzazi, naagiza Corvette inunuliwe.

Papa alivipanga viatu vyake. Akasema, "Ndiyo, papa," akaenda kuoga. Sikujua kama ni ndiyo ya kweli.

Maman ndiye aliyejibu. Alitoka jikoni, akapiga goti, akafunika uso kwa kitambaa cha vyombo. Hakuniambia kitu. Alimwambia Sephora. Kwetu mke hasemi ana kwa ana na baba mkwe wake, hali naye chakula, wala baba mkwe hakanyagi jikoni kwake. Hilo nalijua. Sikufikiri kwamba maman atalitumia kwangu.

"Sephora, uambie beau-père, kama yeye ni muzee Kabeya, basi miye niko muke wa mutoto wake. Namuheshimu sana. Asiingie tena mu jikoni yangu."

Friji iko jikoni.

Jumamosi, 14 Machi

Heshima inaendelea. Nilikula peke yangu chumbani, mgongo kwa mlango. Mkate. Nguo zangu chafu zimerudishwa mbele ya kitanda, zimekunjwa vizuri, na ujumbe kwa mdomo wa Sephora kwamba mke wa mtu hawezi kushika nguo za ndani za baba mkwe, Mungu apishe mbali.

Nimeomba amani kupitia Sephora. Jibu limerudi: kuna desturi ya kufungua mlango huo. Baba mkwe anatoa kuku. Mzima, mwenye manyoya. Nikauliza kama sanduku la vipande vya kuku kutoka duka la pembeni ya metro halitoshi. Sephora akarudi amekunja mikono: maman amecheka, lakini hapana.

Habari kubwa: kesho Monsieur Koen anakuja kumwomba Tante Lucienne rasmi. Wamechoka kuwa marafiki.

Papa alikuja kuniarifu chumbani. Kiti cha babu hakiwezi kubaki wazi, mimi nitakikalia. Akaniambia mara mbili kwamba kazi yangu ni kukaa na kunyamaza. Yeye ndiye atakayesema. Nikamhakikishia. Kukaa na kunyamaza! Hatimaye kazi ya kipaji changu.

Jumapili, 15 Machi

Nimesema.

Nitaandika kwa mpangilio. Nilivaa koti la babu lililokuja kutoka Lubumbashi ndani ya nailoni, na kofia yake. Koti linanifika magotini. Kofia inanifika puani. Nilikaa. Nilinyamaza vizuri, watu wa parokia waliokuja kushuhudia wakanisifu.

Monsieur Koen alizaliwa Lubumbashi, baba yake alikuwa wa reli, kwa hiyo Kiswahili anakijua, ila anakikanyaga kama mtu mwenye viatu vya mbao. Alivaa suti ya kijivu. Jasho tupu. Alisema alivyofundishwa: ameona ua katika nyumba hii na anaomba kulichuma. Tante Lucienne alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, akiwa na miaka hamsini na miwili, anachekacheka kama mtoto.

Ikafika zamu ya mahari. Kwetu hatutaji kitu tunachokitaka. Tunaomba mlima, mwenzetu anashtuka, analia kidogo, tunacheka, tunashuka pamoja mpaka kwenye kichuguu. Papa akataka kuanza. Kwa adabu akanigeukia kwanza na kuniuliza kama baba wa binti ana neno. Kila mtu anajua jibu. Jibu ni kutikisa kichwa.

Kwa chini ya kofia niliona mikono ya Monsieur Koen juu ya magoti yake. Kwenye kidole palikuwa na rangi ya nta ya kung'arishia gari. Ya bluu.

Nikafungua kinywa niseme hapana. Kikatoka "Corvette".

Wote wakaangua kicheko! Papa alifurahi kweli, akanipiga bega, akasema mnaona, muzee amerudi, huu ndio mlima. Wakamgeukia Monsieur Koen apate kushtuka na kulia kidogo.

Hakulia. Hakuna aliyemwambia kwamba inatakiwa kulia. Uso ukawa mweupe zaidi ya kawaida yake, akasema, "Sawa, Baba." Akasimama, akanipa mkono, akaenda zake.

Kicheko kikafa. Hakuna aliyejua "sawa" ile ni ya ndiyo au ya kwaheri.

Tante akatoka nyuma ya pazia. Hakuniita papa. Aliniita Kabeya. Alisema, "Kabeya, miaka mitano miye naimba karibu na kinanda yake, ili aangalie huku. Mitano." Akapanda ghorofani.

Mchuzi ulikuwa mwingi na hakuna aliyekula. Mimi hata hivyo nisingepewa.

Jumatatu, 16 Machi

Tante hashuki. Juu kimya, bila redio. Papa amempigia Monsieur Koen, simu haipokelewi. Papa hanisemeshi, na kwa kuwa maman naye hanisemeshi, nyumba nzima sasa inapita kwa Sephora, ambaye ameanza kudai chokoleti kwa kila sentensi.

Tangazo la kuuza gari limeondolewa. Nimeangalia kwenye kompyuta ya maktaba. Tajiri wa Antwerpen amelipata! Nimekosa gari, chakula na shangazi kwa neno moja. Watu wanaosema sana wanawezaje?

Hervé ameniuliza kama gari letu linatumia mafuta mengi. Nikasema inategemea.

Alhamisi, 19 Machi

Simu ya nyumbani ililia na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Monsieur Koen! Alisema anaomba kusema na Baba. Nikataka kumwita papa. Akasema hapana, Baba mwenyewe, mwenye kiti.

Alikuwa na shughuli tu siku zote hizi, na simu yake iko jikoni ilhali yeye yuko gereji. Amebadilisha mafuta ya injini, amesafisha breki, amepaka ngozi ya viti losheni. Alisema hatoi kwa watu kitu kilicho na kasoro. Ameondoa tangazo. Anachoomba ni kujua siku, saa na mahali pa kukabidhi. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayempeleka mbwa wake kwa daktari.

Hapa mtu mwema angesema: Monsieur Koen, ulikuwa mlima tu, njoo na mbuzi.

Nilisema Jumamosi, saa nne asubuhi, uani shuleni kwangu.

Nimepanda kumwambia Tante. Alilia, akanikumbatia, akaniita papa, akanipa soksi. Redio imewashwa.

Mpango ni kamili. Gari linafika, Hervé anaona, Madame Andrée anaona, mimi nasimama pembeni bila kusema. Nani ataharibu?

Jumamosi, 21 Machi

Nilisahau kwamba mahari haisafiri peke yake.

Saa nne kamili tukaisikia kabla ya kuiona. Injini ile! Vioo vya maabara vilitetemeka. Corvette ikaingia getini, bluu, inang'aa, taa zikajifunua pole pole kama inaamka. Wazazi wote wakageuka. Hervé akabaki na keki nusu mdomoni. Dakika bora ya maisha yangu, ingawa haikuwa dakika.

Nyuma yake, minibasi ya parokia. Kwaya nzima. Vigelegele! Wamama kwa vitenge vya sare, papa amebeba kiti cha babu kichwani, Sephora amebeba koti na kofia. Maman anakuja nyuma, amefunika uso kwa ajili yangu.

Wakaweka kiti katikati ya uwanja wa mpira wa kikapu. Nikavishwa. Nikakaa. Madame Andrée aliniuliza kwa sauti ndogo kama huu ni mchezo wa kuigiza. Sephora akamjibu kwa niaba yangu, bure, bila chokoleti: hapana Madame, kaka yangu anamwoza binti yake.

Monsieur Koen hakuweza kutoka garini. Papa akavuta mkono mmoja, Madame Andrée mwingine. Alitoka kama kizibo. Kisha akainama ndani, akapitisha juu ya kiti, kutoka kule nyuma kusiko na mlango, blanketi, kofia, sukari, na mwisho kuku. Mzima, mwenye manyoya, amefungwa miguu kwa utepe. Tante alikuwa amemweleza shida yangu na maman, akaona aongeze. Kuku alikuwa amesafiri kutoka Berchem juu ya zulia la mwaka 1963, na alikuwa ameacha alama yake. Ya kwanza tangu gari lizaliwe. Monsieur Koen aliitazama ile alama. Alitoa leso, akapangusa, akakunja leso, akaiweka mfukoni.

Kisha akapiga goti, taratibu, goti moja baada ya jingine, akanyoosha funguo kwa mikono miwili.

"Baba, gari iko yako. Unipe Lucienne."

Hervé aliuliza kwa sauti ya uwanja mzima nina mabinti wangapi. Nikasema kutoka ndani ya kofia: wawili.

Funguo zilikuwa za moto. Zangu! Papa akaninong'oneza kwamba bado. Baba wa binti hali mahari, yaani haipokei, kabla ya kumuuliza binti mwenyewe. Akanifundisha maneno, na mimi, mbele ya shule nzima, nikayasema:

"Lucienne, mali hii tukule ao tusikule?"

Tante alikuja mbele, amevaa dhahabu zake zote. Akanipigia goti. Alisema kuku tumkule. Blanketi, kofia, sukari, vyote tukule, kwa raha. Kisha akaninyanyulia ukingo wa kofia ili anione macho.

"Lakini gari, papa, ukikula hii gari, huyu muzungu yangu atakufa na huzuni, na miye nitarudi kwako. Utanilisha. Kila siku. Mpaka uzee."

Kwaya ikacheka. Yeye alikuwa hacheki. Na Monsieur Koen alikuwa bado magotini, hatazami gari, anamtazama Tante. Mtu aliyelipangusa gari lile kwa nepi, na hakuligeukia hata mara moja.

Sijui ni babu au ni mimi. Niliziweka funguo mkononi mwa Tante.

Vigelegele mpaka wanafunzi wadogo wakatoka madarasani. Papa akafuta macho, akajifanya ni vumbi. Madame Andrée alilia waziwazi na kusema mada yangu ya Jumatatu ile ameiongezea alama. Gari lilikuwa langu kwa muda wa kutosha kukohoa.

Monsieur Koen alinipa zawadi ya baba mkwe: kuzunguka Basilika, kanisa kubwa la mtaa wetu, mara moja, mimi pembeni yake. Viti ni viwili, kwa hiyo bibi harusi alibaki amesimama kando ya barabara na viatu vyake virefu. Injini iliimba ndani ya mbavu zangu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilisema "asante". Baadaye nikaongeza "sana".

Tuliporudi, nikawa namvuta Monsieur Koen atoke, Hervé alikuwa anasubiri. Alisema sasa familia yetu haina gari tena, sivyo? Mwaka kesho tutaleta nini, basi?

Nikafungua kinywa niseme "hakuna". Kikatoka "Mustang".

Jumapili, 22 Machi

Mlango wa jikoni umefunguliwa. Nilimpa maman kuku kwa mikono miwili, akavua kitambaa usoni, akaniita Kabeya, akanipa sahani ya fufu na mboga ya majani ya mihogo, nikala mpaka nikashindwa kuinama. Kuku hakuliwa. Sephora amempa jina, na kuku mwenye jina haliki. Yuko kibarazani, anatazama Molenbeek yote kwa dharau.

Papa amenunua gari la viti saba. Lina buti, lenye mlango. Maman ameufungua na kuufunga mara nyingi.

Nimeapa: kuanzia leo, maktabani na kimya. Tamaa imekwisha. Nimeona yaliyotokea, na mtu mwenye akili hafuati njia ileile mara mbili.

Baada ya misa Monsieur Koen alinitambulisha kwa rafiki yake Monsieur Wim, mpole, mjane, anapenda supu na muziki wa kwaya. Anakaa nje kidogo ya Liège. Gereji yake ni kavu kabisa, anasema, na ndani yake kuna Mustang ya mwaka 1965, nyeupe, iliyowahi kukimbia mbio za uwanjani, ambayo hajawahi kuipitisha kwenye mvua.

Nimempigia Tante Mwadi kumjulia hali. Ni wajibu wa baba kujua kama binti yake, huko Liège peke yake, anajisikia mpweke.